Afande na Kurasa Alizozishona

Mtu niliyemwogopa kuliko wote mtaani kwetu alikuwa mzee mpole, mshona maturubai, ambaye katika miaka yote tuliyopakana hakuwahi kuniinulia sauti. Tulimwita Afande. Jina lake nalijua na ukoo wake naujua, lakini hata akina mama wa kanisani walipokuwa wakimpelekea uji alipougua walisema tu uji wa Afande, na mimi sitakuwa wa kwanza kuvunja desturi.

Nilimwogopa kwa sababu ya vitabu vyake. Wengine huogopa waganga, wengine huogopa polisi wa barabarani, mimi niliogopa riwaya. Niliamini ndizo zilizonichukulia mtoto. Ninaye mmoja tu, Eliza, na Eliza ni askari. Yuko nchi ya mbali yenye misitu, analinda amani ya watu nisiowajua, na tangu aondoke naamka kila asubuhi na swali moja: atarudi? Kunywa chai nakunywa, kushona nashona, kucheka hata nacheka, lakini swali liko palepale, limekaa kifuani.

Frem yake na yangu zilipakana nyuma ya maegesho ya malori hapa Tunduma, upande ule ambako foleni ya kwenda Zambia ikizidi huja kujikunja. Mimi nashona sare za shule kwa cherehani. Yeye alishona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya maturubai, na uzi uliopakwa nta, amekaa katikati ya turubai kama mtu aliyeangukiwa na hema. Madereva wabishi kabisa, watu wanaogombana na kila mtu kuanzia Dar mpaka Lusaka, walimtii. Alisema, "Shusha. Kunja. Weka hapa," nao wakashusha, wakakunja, wakaweka. Lakini kuku akikatiza ghafla nyuma yake, Afande alishtuka hadi shazia ikamchoma. Nilizoea kumwona akinyonya kidole na kutazama huku na huku kuhakikisha hakuna aliyeona.

Vitabu vilimjia kwa njia mbili. Vingine vilikuwa ndani ya marobota ya salaula, zile nguo za mitumba zinazofunguliwa ng'ambo Nakonde, upande wa Zambia, ambamo huwezi kukosa viatu vya mguu mmoja na kitabu cha Kizungu. Vingine aliletewa na madereva waliotoka kusini, maana walikwisha kumjua. Alitaka aina moja tu: riwaya za vita vya angani. Vyombo vinavyokwenda kati ya nyota, askari waliovaa mavazi ya chuma, kamanda aliyezaliwa sayari hii akazikwa sayari ile. Riwaya za mapenzi alizichana akafungia sindano. Za vita vya kweli, vya hapa duniani, alimrudishia aliyeleta, kazishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Hivi vya duniani sivitaki," alisema. "Huko juu simjui mtu."

Nilifikiri ni mzaha. Afande hakuwa mtu wa mizaha.

Alikuwa na vitatu alivyovipenda kuliko vyote, na kwa kuwa madereva wengi hawakisomi Kiingereza, au wanakisoma kwenye vibao tu, aliwasimulia kwa Kiswahili foleni ilipogoma kusogea. Askari wote aliwabadili majina. Mwanamume alikuwa Si-nani na mwanamke Na-nani, kama tunavyoitana sisi Wanamwanga, hivyo kapteni wa chombo kikubwa cha angani alikuwa Simwinga, na adui yake mkuu alikuwa Sikanyika, na hakuna aliyeona ajabu. Kitabu cha kwanza kilihusu kikosi kinacholinda lango la chuma kati ya milki mbili za nyota. Vyombo vimepanga foleni langoni miezi na miezi, abiria wanazeeka, wanaoana humohumo, na vita vinaanza kwa sababu chombo kimoja kimechomekea. Dereva mmoja wa Dar alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, hiyo siyo anga bwana. Hiyo ni Tunduma."

"Mulishani, bashikulu," Mzambia mmoja alimsalimia kila alipopita, yaani hujambo babu, kisha akauliza kama lango limeshafunguliwa. Afande alijibu bado.

Cha pili mimi sikutaka kukisikia. Askari wametua kwenye mwezi usio na upepo, na adui wa huko hana mwili. Anaingia kwenye redio zao na kuwaita kwa sauti za mama zao. Anayeitika anatoka nje, na nje hakuna hewa. Afande aliposimulia hiki alishusha sauti, na wanaume wazima walisogeleana kwenye benchi. Nililala vibaya wiki nzima. Nikamwambia, "Wewe mtu, mambo haya unayapenda ya nini?" Akakigusa kitabu, akasema, "Humu nikiogopa, najua naogopa kitu gani."

Cha tatu kilikuwa cha Sajenti Namwinga, na hicho ndicho kilichomteka mwanangu. Sajenti huyu wa kike anavusha kikosi chake kilichojeruhiwa kupitia jangwa la sayari ngeni, mitungi ya hewa imebaki michache, na kila wanapopumzika anamsogezea mwenzake mtungi wake mwenyewe. Eliza alikuwa kidato cha tatu. Akitoka shule, badala ya kunisaidia kukata vitambaa, alikaa kizingitini kwa Afande kusikiliza. Baadaye akaanza kuazima na kusoma mwenyewe, na Kiingereza chake kikapanda, mwalimu akamsifu, nami nikajidanganya kwamba ni heri.

Sasa nieleze jambo ambalo sijawahi kuliona kwa msomaji mwingine yeyote. Afande alianza kila kitabu mwishoni. Alisoma sura ya mwisho kwanza, kisha akarudi nyuma akipekua, akitafuta, na alipoona sehemu asiyoitaka alichukua shazia yake na uzi wa nta akazishona kurasa zile pamoja, juu, ubavuni na chini, mshono wa turubai usioruhusu hata mvua. Ndipo akaanza kusoma mwanzo kwa utulivu, na akifika penye mshono akaruka. Vitabu vyake vyote vilikuwa na kurasa zilizoshonwa, kimoja sehemu mbili, kingine tano. Ukimwomba kuazima alikupa jinsi kilivyo. Madereva walidhani ameziba mambo ya chumbani. Mimi nilidhani ameziba damu. Nilisema moyoni, mzee huyu anampa mwanangu vita vilivyotolewa mifupa kama samaki wa mgonjwa. Mtoto atameza tu.

Naye akameza. Alipomaliza kidato cha sita aliniambia anakwenda jeshini. Nilikwenda kwa Afande mkasi ukiwa mkononi. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nakata kola.

"Umemfanya nini mtoto wangu?"

Alisimama. Rangi ilimtoka usoni, na huyu alikuwa mtu mweusi hasa. "Amesema nini?"

Nikamwambia. Akakaa tena juu ya turubai lake, akauliza kwa sauti ndogo kama Eliza ameomba kazi ya ofisini au ya porini. Nilimjibu mimi nitajuaje. Tangu siku hiyo akaniogopa nami nikamwogopa, majirani wawili tunaogopana, tukipeana chumvi kupitia ukuta wa mabati.

Usiku wa kuaga, Eliza aliniambia kitu. Aliwahi kuchukua wembe wangu wa kufumulia mishono, akafumua kurasa za kitabu cha Sajenti Namwinga, akazisoma, kisha akazirudishia uzi kwa mshono uleule ili mzee asijue. Mtoto wa fundi huyo.

"Mama, hakushona vita," alisema. "Watu wanakufa kibao, kaacha. Kashona pale tu ambapo watu wanaenda kuwaambia wazazi. Kila kitabu, ni hapo tu."

Sikumwelewa, na nilikuwa nalia, sikuuliza zaidi.

Kuna mengine juu yake. Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kuleta kuni na wa mwisho kuondoka makaburini, lakini kuingia ndani kumpa pole mfiwa, hapana. Watu wa kijiji cha Ihanda na wa mjini wote walimsema kwamba anajisikia. Aliwakosoa waandishi wake bila huruma: kitabu kikipita sura tatu bila askari kulalamikia miguu, alikifunga. "Vita ni miguu," alisema. "Na kusubiri." Alisema pia askari hufa mara mbili, kwanza kule, halafu nyumbani kwao, na kwamba mara ya pili ndiyo yenye kelele. Kauli zile nilizichukia. Nilimjibu kwa methali, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nikaongeza kwamba mimi nilimlea mwoga mzuri kabisa na yeye kaniharibia. Hakubisha. Alisema, "Ni kweli, Mama Eliza."

Na hakuwahi kusimulia vita vyake. Tulijua alistaafu jeshi, tuliona namna anavyokunja shuka. Zaidi ya hapo kila mtu alijitungia. Mama Zuhura, anayeuza vitenge mkabala nasi, aliapa kwamba Afande ameua watu wengi na ndiyo maana hali nyama.

Eliza alipopelekwa nje tulikubaliana apige simu kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili moja hakupiga. Nilikaa na simu mapajani, nikimwona mwanangu katika kila hali ambayo mama hapaswi kumwona mtoto wake. Sikulia, niliogopa kwamba nikilia nitakuwa nimeruhusu. Afande alikuja akasimama nje ya mlango, akaomba kuiona simu. Akaitazama mara moja.

"Saa yako iko nyuma saa nzima," alisema. "Simu imeshika mnara wa Nakonde. Yeye anapiga huku, simu iko Zambia."

Wote hapa tunajua kwamba mpaka unapitia ndani ya simu zetu, na kwamba ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Lakini hofu haina akili. Alinipandisha barabara ya Mbeya, anatembea mbele, ameinua simu juu kama taa, mpaka saa ikaruka mbele yenyewe na simu ikalia. Eliza. Yuko mzima, anauliza kwa nini sipatikani. Nilipogeuka kumshukuru mzee, alikuwa amesimama kando ya mtaro, anatapika.

Ndivyo tulivyoishi, mpaka siku ile ya mwezi huu.

Ilikuwa mchana. Afande aliingia frem kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akaomba chai. Nikampa. Akasema, "Niambie Eliza alivyokuwa mdogo."

"Leo una nini wewe?"

"Niambie tu."

Basi nikamwambia. Nilikuwa na kaptura za shule za kumalizia, mkono unashona na mdomo unakwenda. Nilimwambia jinsi Eliza alivyoogopa jogoo wa pasta mpaka akaacha Shule ya Jumapili. Jinsi alivyomwaga togwa la harusi akasingizia tetemeko. Nilivyosema ndivyo nilivyokumbuka, na nilivyokumbuka ndivyo nilivyocheka. Alikuwa ananisikiliza kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliwahi kunisikiliza. Aliuliza siku hiyo Eliza alivaa gauni la rangi gani. Aliuliza jogoo aliishia wapi. Nilimaliza kaptura zote na sikukumbuka kuogopa hata kidogo.

Kisha nikaona chai yake imepoa bila kuguswa.

"Mama Eliza," alisema, "kuna gari la jeshi lilisimama njia panda asubuhi. Wawili, mwanamume na mwanamke. Nguo zimepigwa pasi. Wakaniuliza nyumba yako."

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya kanyagio, cherehani ikawa inashona hewa.

"Wako wapi?"

"Niliwaambia umehamia kwa dada yako, Ihanda." Akafumba macho. "Nilitaka upate mchana huu kabla ya habari zao. Halafu nimeshindwa kukaa na jambo hili peke yangu."

Nilivyopiga yowe sikumbuki. Mama Zuhura ndiye aliyenisimulia. Tunduma yetu haina mambo ya kuulizauliza mtu akilia. Kufumba na kufumbua wanawake walishafunga khanga viunoni. Cherehani ikatolewa nje, mikeka ikaingia, kuni zikaja begani kwa madereva, sufuria kubwa ya kanisa ikafika, mtu akaanzisha wimbo. Waliniuliza ni nani, nikasema Eliza, ikatosha. Shemeji yangu mmoja akavuka mbio kwenda Nakonde kumwambia mama yangu, maana mama anaishi ng'ambo kwa kaka. Mimi nilikuwa nimelazwa mkekani natazama mabati, nawaza kwamba alipokuwa amekufa mimi nilikuwa nacheka habari za jogoo.

Jua lilikuwa limeanza kulegea gari liliporudi kutoka Ihanda. Nyimbo zikakatika. Askari wa kike alishuka kwanza, vumbi hadi kope, akatazama mikeka, moto, wanawake.

"Poleni, mama zangu," alisema. "Hapa pana msiba wa nani?"

Mama Zuhura akasema, "Si ni wa Eliza?"

Yule binti akamtazama mwenzake. "Eliza yupi? Eliza ndiye aliyetutuma."

Alisema tangu asubuhi wamepiga simu yangu haipatikani. Alisema Eliza ameumia mguu, gari lao lilipinduka, yuko hospitali, na ameomba mama yake asiambiwe kwa simu, kwa sababu mama yake ni mwoga na atakufa kabla hajasikiliza mpaka mwisho. Aende mtu, amkalishe chini, ampigie simu wakiwa pamoja. Alisema haya yote kwa utaratibu, kama alivyofundishwa, nami sikusikia zaidi ya mguu. Akapiga, akaniwekea simu sikioni.

"Mama?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mama, mbona nasikia watu wanalia?"

"Kwaya hiyo," nilisema. "Wanafanya mazoezi."

"Wanaimba vibaya."

Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka binti wa watu akanishika bega. Eliza aliniambia madaktari bado hawajasema kama mguu utabaki. Aliniambia nisiogope. Nikamwambia siogopi.

Watu walipoanza kukunja mikeka, wengine wakicheka, wengine wakiwa na hofu kwamba tumejiitia balaa kwa kumwombolezea mtu aliye hai, nilimwona Afande. Alikuwa amekaa chini, ukutani, hakuna aliyemkaribia. Nilimwendea. Nilitaka kumpiga, nasema kweli. Sijui kama ningempiga.

"Ulijuaje kwamba amekufa?" nilimuuliza. "Nani alikuambia?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Alisema bila kuniangalia. "Mimi sikupigana vita hata mara moja, Mama Eliza. Kazi yangu jeshini ilikuwa hiyo. Kuvaa nguo safi, kupanda gari, kutafuta nyumba za wazazi. Miaka yote. Wakiniona tu njiani walianza kulia, sijafungua mdomo. Sikuwahi kutumwa na habari njema hata siku moja. Sikujua kwamba zipo."

Hasira ilikuwepo na huruma ilikuwepo, zimekaa pamoja kama wake wenza. Ndipo nikamkumbuka mama yangu, kule ng'ambo, mzee wa moyo mbovu, analia juu ya mjukuu aliye hai. Kaka hapokei simu. Nani hupokea simu msibani.

"Simama," nilimwambia. "Unakwenda Nakonde kwa mama yangu. Wewe ndiye utamwambia."

Aliogopa. Niliiona hofu ikimpanda kutoka miguuni. "Wataniona nakuja, Mama Eliza. Watazidi kulia."

"Walie. Wewe nenda."

Tukavuka wote, yeye mbele, mimi nyuma yake, kwa kuwa sikumwamini. Kwa kaka yangu ua lilikuwa limejaa. Ilikuwa kama alivyosema: wanawake walipomwona mzee yule, amenyooka, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, walidhani ndiye mtu wa jeshi amekuja kuthibitisha, na kilio kikapanda mpaka mbwa wakabweka. Mama yangu alikuwa amekaa katikati, kichwa wazi. Afande alisimama mbele yake. Nilimwona akitafuta maneno ambayo hakuwahi kuyabeba, na nikaogopa kwamba atasema yale ya zamani, kwa mazoea.

Akapiga magoti, akamshika mama yangu mikono yote miwili.

"Mzima," alisema.

Hawakumsikia. Akasema tena, kwa sauti ile ya kuamrisha madereva, na machozi yanamtiririka. "Mama, nimetumwa. Mtoto ni mzima."